Uzoefu wangu: lenzi ya Sigma 150–600 Contemporary kwenye kipupwe cha Mtwara na Lindi

Lenzi ninayoizungumzia ni Sigma 150–600mm f/5–6.3 DG OS HSM ya daraja la Contemporary, ile nyepesi. Nduguye wa daraja la Sports ni mwingine na ana uzito wake. Naitumia kwenye Canon yenye sensa ndogo ya APS-C, kwa hiyo mm 600 inabana kama mm 960 kwenye sensa kubwa ya fremu kamili. Kwa mpiga picha wa ridhaa wa huku kusini anayependa ndege, nyangumi na mandhari, naipendekeza kwa moyo wote. Lakini picha nyingi mbovu tunazoletewa na wapiga picha wenzetu tuzikosoe, zilizopigwa na lenzi hii au na nyingine za urefu huu, haziharibiwi na kioo. Zinaharibiwa na hewa, upepo, chumvi, na tamaa ya kumpiga ndege kwa umbali usiofaa.

Uzito wake ni gramu 1,930. Ya Sports ina gramu 2,860. Tofauti hiyo unaiona ukitembea kwenye tope la mikoko Mikindani maji yakiwa yamekupwa. Ukiongeza bodi unabeba karibu kilo mbili na nusu, mzigo ambao mkono unauweza kwa dakika chache tu kabla mtikisiko haujaanza kuonekana kwenye picha. Filta yake ni ya mm 95, ghali na adimu madukani, na mimi siitumii: kofia ya lenzi inakinga mbele vya kutosha bila kuongeza kioo kingine cha kuakisi jua. Fokasi ya karibu inaanzia mita 2.8, ikitosha kwa kaa wa mikoko na vipepeo.

Kipupwe chetu, Juni mpaka Agosti, si cha theluji, lakini kina tabia zake na lazima uzijue kabla hujalaumu lenzi. Jua la Juni hapa linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, na halichomozi mashariki kamili: linajitenga kuelekea kaskazini kwa nyuzi zaidi ya 20. Adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi 56 hivi juu ya upeo, halifiki utosini kama mwezi wa Februari. Faida yake ni kwamba mwanga wa pembeni unadumu muda mrefu zaidi asubuhi na alasiri. Hasara yake, kwenye fukwe zinazotazama mashariki, ndege aliye kati yako na bahari asubuhi anakuwa kivuli cheusi. Zunguka jua liwe mgongoni, au mwache uje jioni.

Halafu kuna kusi. Upepo huu unapiga kipupwe chote, na lenzi yenye urefu wa sentimita 26 ikiwa imefungwa, inayorefuka ukivuta mpaka 600 na kofia ikiwa mbele, inaushika kama tanga. Kituliza mtikisiko kilicho ndani ya lenzi (OS) hakimalizi tatizo hilo, kwa sababu kimeundwa kwa mtikisiko wa mikono na si kwa msukumo wa upepo wa vipindi. Kinachosaidia ni kuinama chini, kukaa nyuma ya mtumbwi au kichaka, na kuweka lenzi juu ya mfuko. Mimi nashauri mfuko wa turubai wenye kilo mbili za mbaazi kavu, zao ambalo huku halikosekani. Mbaazi zinajipanga vizuri chini ya lenzi na hazitoi unga kama mchele. Usizijaze mpaka mfuko ukaze. Acha robo iwe tupu ili lenzi ipate kuzama. Zikilowa zimwage, kwa sababu zitavimba na kuota kuvu, na kuvu ndiyo adui mkubwa wa kioo. Kwenye tripodi nzito iliyotulia, zima kituliza. Ukishikilia kwa mkono weka swichi yake kwenye 1. Ukimfuatisha ndege anayeruka kwenda pembeni weka 2.

Kwa ndege aliyesimama naanzia shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/1000 ya sekunde, kwa anayeruka 1/2000. Tundu la kupitisha mwanga (namba ya f ikikua, tundu linapungua) linafika f/6.3 ukikaribia mm 400, na hapo ndipo watu wanapoanza kulalamika kuhusu ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga. Robo saa baada ya jua kutoka, kwa f/6.3 na 1/1000, tegemea ISO 1600 hivi. Ikubali. Chengachenga za ISO zinapunguzika kwenye kompyuta, lakini manyoya yaliyopakazika kwa shata ya 1/250 hayarudi. Mwanga ukishakaa sawa bana tundu mpaka f/8: kwenye mm 600 ukali unaongezeka kwa kiasi cha kuonekana, hasa pembeni. Zaidi ya f/11 kwenye sensa ya APS-C unaanza kupoteza tena, kwa sababu mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo.

Hili la hewa ndilo naliona likieleweka vibaya kuliko yote. Mtu analeta picha ya ndege kwenye mchanga ulioachwa wazi na maji, saa 4 asubuhi, umbali wa mita 100, anauliza kama lenzi yake ni mbovu. Ikuze picha utazame ukingo wa mdomo. Kama fokasi imekosa, utaona kitu kingine kilicho mbele au nyuma ya ndege kikiwa kikali. Kama ni mtikisiko, kila kitu kimevutwa upande mmoja. Lakini kama ukingo umekatikakatika kama uzi uliolowa, na picha iliyofuata kwa nusu sekunde ina umbo tofauti, hiyo ni hewa ya moto. Mchanga na tope jeusi vinapata joto haraka, hewa iliyovigusa inapanda, na mwanga unapindishwa kila unapopita tabaka lenye joto tofauti. Baridi ya kipupwe haikuokoi. Tofauti kati ya ubaridi wa hewa na joto la mchanga ndiyo inayoleta shida. Kuongeza shata hakusaidii, na kituliza hakina cha kutuliza. Piga kabla ya saa 3, piga juu ya maji badala ya juu ya mchanga mkavu, na sogea. Kwa ndege mwenye ukubwa wa yangeyange sitegemei maelezo ya manyoya zaidi ya mita 30, hata nikiwa na mm 600.

Kusogea kwenyewe kuna namna yake. Usimfuate ndege, soma maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa yanawasukuma ndege kutoka kwenye tope la mbali kuja ukingoni. Kaa chini saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, mahali ambapo mchanga wa juu utabaki mkavu, nao watakuja wenyewe. Kwenye kingo za Mto Ruvuma sahau habari ya kulala kifudifudi: kuna mamba na viboko. Huko simama juu ya kingo na ushukuru una mm 600.

Ndege mzuri wa kujipima naye ni yule wa pwani mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, mla kaa, ambaye wataalamu wanamwita Dromas ardeola. Wengi huja huku baada ya kuzaa kwenye fukwe za Uarabuni na Pembe ya Afrika, na Ghuba ya Mnazi ni mojawapo ya maeneo yanayojulikana kwao. Majira yao makubwa ni ya kaskazi, kaskazini mwa dunia kukiwa na baridi kali. Ndege huyu anaidanganya kamera pande zote mbili. Akiwa mdogo kwenye fremu na nyuma yake mikoko ya kijani iliyokoza, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na weupe wa kifua unaungua: punguza mwanga kwa hatua moja, yaani nusu. Akiwa kwenye mchanga mweupe unaong'aa, kamera inapunguza, na yeye anatoka wa kijivu: ongeza theluthi mbili za hatua, ukiangalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) isigonge ukuta wa kulia. Washa onyo la weupe ulioungua liwe linapepesa. Jicho lake ni jeusi na limezungukwa na weupe, kwa hiyo bila kijidoa cha mwanga ndani yake picha inakufa, hata kila unyoya ukiwa mkali. Subiri ageuze kichwa kuelekea jua.

Kwa nyangumi, mm 600 ni nyingi mno. Wale wenye nundu hupanda kutoka bahari za Antaktiki kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto, na kati ya Julai na Oktoba huonekana nje ya Msimbati. Kwenye boti inayopanda na kushuka, fremu ya 600 inakupotezea mnyama. Kaa kati ya 200 na 350, shata 1/1600, fokasi ya mfululizo, swichi ya umbali kwenye mita 10 mpaka mwisho ili fokasi isirudi kuhangaika karibu. Elekeza pale maji yanapotulia kuwa bapa na kung'aa kama mafuta, alama iliyoachwa na mkia, kisha tazama mbele yake. Msimwambie nahodha amfukuze. Nyangumi aliyefukuzwa anazama, na mwenye mtoto anaumia. Eneo lile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo kiingilio kinalipwa.

Watu wanashangaa nikisema lenzi hii ni nzuri kwa mandhari, lakini kwangu hapo ndipo inapolipa gharama yake. Newala, pale Shimo la Mungu, ukitazama bonde la Ruvuma upande wa Msumbiji, lenzi pana inakupa anga kubwa na mstari mwembamba wa vilima. Kwenye mm 150 mpaka 250 vilima vinasogeleana, na ukungu wa asubuhi unavitenga tabaka kwa tabaka. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili za hatua, kwa sababu ukungu mweupe kamera inaugeuza kijivu. Ukitaka upana, simamisha kamera wima, piga fremu tano hadi saba zinazoingiliana kwa theluthi moja, mwanga na rangi vikiwa vimefungwa kwa mkono, kisha ziunganishe. Adhuhuri achana nalo: jua la kipupwe likiwa kaskazini nyuma yako, bonde lote linakuwa bapa. Mwishoni mwa Agosti moshi wa maandalizi ya mashamba unaanza kufunika kila kitu, na picha za mbali zinakuwa za samawati iliyofifia. Mibuyu ya Mikindani, isiyo na majani miezi hii, nayo inapendeza kwenye 150 ukirudi nyuma vya kutosha: shina linabaki na unene wake, na matawi hayalali kama yanavyolala kwenye simu.

Mnapokosoana, tumeni picha kwenye WhatsApp kama faili, si kama picha, la sivyo inabanwa na mnaishia kukosoa kazi ya WhatsApp. Upande mrefu pikseli 2048, rangi sRGB, ubora wa JPEG 85. Andika urefu wa lenzi, shata, tundu, ISO, saa, na umekata sehemu gani ya fremu. Bila hayo mtu anaweza kusema "nzuri" au "haijakaa sawa" tu, na maneno hayo hayamfundishi mtu kitu. Mimi naanza na upeo wa bahari kama umelala sawa, kisha jicho, kisha kilicho nyuma ya kichwa. Tawi linalotoka kwenye kichwa cha mdiria linaondoka kwa kusogea nusu hatua kushoto, ukishapiga umechelewa.

Sasa utunzaji, na hapa Contemporary inahitaji uangalifu. Mpira wa kuzuia vumbi na matone uko kwenye kiungio cha bodi tu. Ya Sports imezibwa zaidi. Ukivuta kutoka 150 kwenda 600 bomba la ndani linatoka nje na kuvuta hewa, na kwenye kusi hewa hiyo ina chumvi na mchanga mwembamba. Kabla hujalirudisha ndani, ligeuze kwenye mwanga: utaona vijidoa vyeupe vya chumvi vimekauka, kila kimoja na pete yake. Vipulize kwanza kwa pampu ya mpira, kisha pitisha kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, ndipo ufunge. Ukifuta kabla ya kupuliza, mchanga unakuwa msasa. Ukimaliza weka swichi ya LOCK. Inafunga kwenye kila urefu ulioandikwa.

Ukishuka kutoka ubaridi wa Newala au kwenye gari lenye kiyoyozi kuja joto la pwani, iache lenzi ndani ya begi lililofungwa nusu saa, vinginevyo mvuke unaganda kwenye kioo. Nyumbani ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na gramu 200 za silika za rangi ya chungwa. Zikibadilika rangi zikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili. Zile za bluu zina kobalti, ni sumu, zisifike jikoni.

Ukinunua ya mtumba, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kutoka mbele, tundu likiwa wazi: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, usinunue. Washa kituliza uangalie kama picha inaruka kwenye kioo cha kutazamia, na usikilize fokasi ikienda mwisho na kurudi bila kukwaruza. Hakikisha pia pete ya kufungia tripodi ipo, kwa sababu inatoka na wauzaji huisahau. Ukiitia kwenye DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) na fokasi ikawa mbele au nyuma kidogo kila mara, kifaa cha USB cha Sigma kinakuruhusu kuirekebisha kwenye urefu nne, na kila urefu kwa umbali nne. Anza na mm 600, kwa umbali unaopigia ndege mara nyingi.