Kizibao cha milia: mgongo mzuri, makwapa ya marinda

Kitambaa ni kizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza habari ya makwapa sitabaki na moyo wa kusifu chochote.

Nazungumzia patani, yaani maelekezo ya kufuma, ya kizibao cha sindano mbili, chenye milia ya rangi mbili na vitanzi vya kuruka. Niliinunua kama faili na kuipakua mwenyewe. Ambaye hajawahi kufuma hivi ajue kwamba unafuma safu mbili kwa rangi moja, safu mbili kwa rangi ya pili, na hapa na pale kitanzi unakihamisha tu kwenye sindano ya kulia bila kukifuma. Kitanzi hicho hubeba rangi ya chini na kuipandisha hadi kwenye mlia wa juu yake. Mtu akikitazama anaapa ulishika nyuzi mbili kwa pamoja, kumbe kila safu ni uzi mmoja. Nyuma hakuna kamba ndefu za kunasa vidole. Uzi uliopumzika unapanda nao pembeni, unapishana na mwenzake kila baada ya safu mbili, basi hata ncha za kuficha ni chache.

Mgongo niliufuma kwa raha ambayo sijaipata siku nyingi. Maelekezo yake yamenyooka: hamisha kitanzi kana kwamba unataka kukifuma kinyume, ili kisijipinde; ukiwa upande wa mbele uzi ukae nyuma, ukiwa upande wa nyuma uzi uje kwako. Kwenye shingo nako kumefikiriwa vizuri. Unaambiwa kitanzi cha kuruka kisiachwe pembeni kabisa wakati wa kupunguza, kikikaribia ukingo kifume kama kawaida. Patani nyingi hukuachia neno moja tu, "endelea na ruwaza", halafu utajijua.

Basi. Mabega yameunganishwa, mbavu zimeshonwa, mchana mzuri, nafungua ukurasa wa mwisho. Kwenye makwapa naambiwa niokote vitanzi 3 kwa kila safu 4, yaani nivute vitanzi vipya kutoka pembeni mwa kitambaa, nifume ukingo wa kunyumbuka, nifunge. Nikafanya hivyo hivyo. Nilipofunga kitanzi cha mwisho, kwapa likasimama lenyewe. Lilikuwa na marinda! Kizibao cha mtu mzima, mbele kimekaa sawasawa, makwapani kimejikunja kama gauni la mtoto wa sikukuu. Nikakivaa hivyo hivyo mbele ya kioo, nikatamani kulia, kisha nikacheka, kisha hasira ikaja na hadi leo haijaondoka.

Hasira yenyewe ina hesabu. Kitanzi kilichorukwa kinavutwa kipite juu ya safu ambazo hakikufumwa, na kinapovutwa kinazibana safu zote kushuka chini. Kila anayefuma namna hii anajua kitambaa hutoka kinene na kifupi kuliko cha kawaida. Patani yenyewe inalijua! Ukurasa wake wa kwanza unasema sentimita 10 ziwe na vitanzi 22 na safu 40. Ile kanuni ya 3 kwa 4 ni ya ufumaji laini wa kawaida, ambako kwa vitanzi 22 ungepata safu kama 30. Hapa ni 40. Chukua kwapa la kimo cha sentimita 22: upande mmoja una safu 88. Kwa kanuni yao unaokota vitanzi 66, wakati nafasi iliyopo ni ya vitanzi 48. Hao 18 wa ziada waende wapi? Ukurasa wa kwanza unakanusha ukurasa wa mwisho ndani ya faili moja, na mtu akachukua pesa zangu.

Hata hivyo kosa la hesabu mimi nalisamehe. Kila aliyewahi kuandika patani amewahi kupitiwa. Nilimwandikia mbunifu kwa adabu zote, habari dada, samahani kwa usumbufu, pongezi kwa kazi nzuri, picha hizi hapa, je, inawezekana hesabu ya kwapa iliteleza? Akakaa kimya. Baadaye sana ndipo jibu likaja: "Mpendwa, patani hii imejaribiwa na wengine wote wamefuma bila shida. Loweka, kitakaa vizuri."

Mpendwa! Sina neno na kulowesha; sufu ukiilowesha, ukaitandaza na kuiacha ikauke, milia inanyooka na vitanzi vinakaa pamoja. Lakini maji hayapunguzi vitanzi. Nililowesha, nilitandaza, nikapigilia pini, nikakaushia kivulini, na marinda yakakauka yakiwa marinda. Sasa yalikuwa marinda safi.

Nikamtumia hesabu yote niliyoieleza hapo juu, mstari kwa mstari. Naye akajibu kwa sentensi moja, kwamba labda ningeanza na kitu rahisi kwanza, skafu kwa mfano.

Skafu. Mimi niliyemaliza mgongo wake, vifua vyake viwili na shingo yake bila kumuuliza swali hata moja. Nimeifikiria hiyo skafu nikiwa napika, nikiwa nalala. Nimeikuta hata kwenye picha za tangazo lake, nilizozirudia moja moja: mwanamitindo ama amekunja mikono kifuani, ama ameibana ubavuni. Hakuna hata moja aliyoinua mkono. Huenda ni bahati tu. Mimi siamini.

Kwa atakayekwama nilipokwama, dawa ni hii. Fumua ukingo, okota kitanzi 1 kwa kila safu 2, na kila ukifika safu ya 20 ongeza 1 cha ziada. Hiyo ni 11 kwa 20, ndiyo ile 22 kwa 40 ya ukurasa wa kwanza. Pale chini ya kwapa, penye vitanzi vilivyofungwa, okota kimoja kwa kimoja. Sindano iwe nyembamba kuliko uliyofumia mwili. Langu limelala kama limepigwa pasi, na kizibao sasa nakivaa kila nikipata sababu. Watu wananisimamisha kuniuliza. Siku moja ya namna hiyo niliandika hapa nyota nne, nikasema nunueni tu, ni patani nzuri yenye ukurasa mmoja mbaya.

Halafu juzijuzi nikapata taarifa kwamba faili limesasishwa. Nikalipakua, nikakimbilia ukurasa wa mwisho. Makwapa: okota vitanzi 11 kwa kila safu 20. Hesabu yangu, nukta kwa nukta. Hakuna maelezo kwamba kulikuwa na kosa, hakuna samahani kwa waliokwisha kuvaa marinda, na kwangu hakuja hata salamu.

Kwa hiyo mtakaoinunua leo mtapata patani iliyonyooka mwanzo hadi mwisho, hilo siwezi kulikana, na ukipenda milia sijui nyingine ya kukutajia iliyo bora. Inunueni. Au subirini kidogo, kwa sababu safari hii kosa limekuwa la kwapa, kesho atatoa sweta la mikono mirefu na nani atamfanyia hesabu? Nyota nne nimezifuta. Nimeweka mbili, zote za mgongo.