Misale ya Saint-André: kitabu cha sala kilichotoka nyumba moja na Kanisa la Katanga

Anayetafuta kitabu cha kufuatia Misa ya Jumapili ijayo asikinunue hiki. Naanza na hilo kwa sababu wauzaji wa vitabu vya mtumba katikati ya mji wa Lubumbashi hukinadi kama kitabu cha Misa, na hawadanganyi, ila Misa iliyomo ni ile ya Kilatini iliyoadhimishwa kabla ya misale mpya ya Papa Paulo VI kuchapwa mwaka 1970, na mpangilio wake wa masomo na sikukuu haulingani tena na ule unaofuatwa parokiani. Lakini kwa mtu anayependa kujua babu na bibi zetu walipiga magoti mbele ya altare ya namna gani, na hasa ni nani waliojenga altare hiyo Katanga, Missel quotidien et vespéral ya Dom Gaspar Lefebvre, ambayo wengi huiita kwa kifupi Misale ya Saint-André, ni kitabu ambacho sijutii fedha nilizokitolea.

Nakala niliyoipata ni kitabu kinene kinachoenea kiganjani, chenye jalada jeusi, kingo za kurasa zilizopakwa rangi nyekundu ambayo sasa imefifia, na karatasi nyembamba kama ya Biblia ndogo, kwa kuwa kurasa zaidi ya elfu moja na mia tano zimebanwa humo. Kilatini kimepangwa safu moja na Kifaransa safu ya pili, herufi ni ndogo lakini wino haujachuja, na misalaba midogo imechapwa katikati ya sala kuonyesha mahali padri anapofanya ishara. Mgongo peke yake ndio uliokuwa taabani: mtu fulani aliwahi kuuziba kwa skochi, yaani utepe wa gundi, na gundi ikala jalada. Nilimpelekea fundi wa kujalidi, akashona upya mafungu ya kurasa yaliyolegea na kuweka mgongo wa kitambaa, kazi safi kabisa, ingawa malipo yake yalikaribia bei ya kitabu chenyewe.

Ukurasa wa jina katika nakala yangu haupo, umechanika, hivyo mwaka wa uchapaji ilibidi utafutwe ndani ya sala. Kazi hii inapendeza kuliko nilivyodhani, kwa sababu misale ni kalenda, na kila Papa aliyeongeza sikukuu ameacha alama yake. Sikukuu ya Kristo Mfalme imo, mahali pake pa zamani, Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Iliwekwa na Pio XI mwaka 1925, kwa hiyo kitabu si cha kabla ya hapo. Tarehe 1 Mei kuna Misa ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambayo Pio XII aliianzisha mwaka 1955, na liturujia ya Juma Kuu ni ile iliyofanyiwa mageuzi na Papa huyo huyo na kuanza kutumika mwaka 1956. Katika sala za Ijumaa Kuu, neno la Kilatini la kuwadharau Wayahudi, lililofutwa na Yohane XXIII mwaka 1959, bado lipo. Basi kitabu kilichapwa kati ya 1956 na 1959, au karibu sana na hapo. Na mwenye kitabu aliendelea kukitumia: ndani ya Kanuni ya Misa, yaani sala kuu ya kuweka wakfu mkate na divai, pembeni ya jina la Bikira Maria, ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri, maneno matatu ya kumtaja Mtakatifu Yosefu, ambaye jina lake liliingizwa katika Kanuni mwishoni mwa mwaka 1962. Sijui kama alikuwa mwalimu, mseminari au mtawa; ila habari za Roma zilimfikia, na hakungoja kununua kitabu kipya.

Historia ya kitabu hiki ndiyo iliyonishika zaidi. Kwa karne nyingi Kanisa halikupenda sala za Misa zitafsiriwe kwa ajili ya waumini wa kawaida. Mwaka 1661 Papa Aleksanda VII alilaani tafsiri ya Kifaransa ya misale, na katazo hilo liliendelea kurudiwa hadi mwaka 1897, Leo XIII alipotoa sheria mpya kuhusu vitabu vilivyokatazwa bila kulitaja tena. Waumini walisali rozari au sala nyingine za kibinafsi wakati padri akinong'ona yake altareni. Hata hivyo, mwaka 1882, mtawa Mbenediktini wa abasia (monasteri kubwa) ya Maredsous nchini Ubelgiji, Dom Gérard van Caloen, alikwisha kuchapisha misale ya Kilatini na Kifaransa kwa ajili ya walei. Mtawa huyo baadaye alitumwa Brazili kuufufua utawa wa Wabenediktini uliokuwa unakaribia kuzimika, na ili apate watu wa kupeleka huko, alianzisha karibu na mji wa Bruges nyumba ya kuwaandaa watawa wamisionari. Nyumba hiyo ndiyo abasia ya Saint-André.

Msomaji wa Lubumbashi atakuwa amekwisha kulisikia jina hilo. Mwaka 1910 prefektura ya kitume ya Katanga, yaani eneo la misioni ambalo bado si jimbo kamili, iliundwa, nayo ikakabidhiwa watawa wa Saint-André wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, yule yule aliyekuja kuwa askofu wa Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, na kuushika usukani wa Kanisa hapa hadi alipofariki mwaka 1958. Miaka kumi baada ya wenzake kufika Katanga, yaani mwaka 1920, Dom Lefebvre alitoa misale yake katika abasia hiyo hiyo, wakati vuguvugu la liturujia, yaani juhudi za kuwashirikisha waumini katika sala za Misa, lililochochewa na Dom Lambert Beauduin katika kongamano la Malines la mwaka 1909 likiwa limepamba moto Ubelgiji. Kitabu kilienea kuliko matarajio yote, kikatafsiriwa kwa Kiingereza, Kihispania na Kireno. Kwa hiyo mlango uliotoa waanzilishi wa misioni za Kapolowe na Kansenia ndio uliotoa pia kitabu hiki, na nyuma ya vyote viwili yupo van Caloen, ambaye jina lake sijawahi kulisikia likitajwa katika mahubiri ya jubilei yoyote hapa kwetu.

Isidhaniwe kwamba kitabu kiliandikwa kwa ajili yetu. Kifaransa chake ni cha watu waliosoma sana, na katika Elisabethville ya miaka ya 1950 aliyeweza kukitumia alikuwa Mbelgiji, mseminari, au mmoja wa wale wachache waliosoma shule za mapadri wakapata kazi ya ukarani au ualimu. Umati wa wafanyakazi wa kambi za Union Minière, kampuni ya migodi, haukuwa na lake humo. Ndiyo sababu siyapokei kwa urahisi maneno ya wale wanaokishika kitabu hiki na kusema kwamba zamani watu walijua Misa kuliko sisi. Baadhi walijua. Askofu de Hemptinne mwenyewe alikuwa karibu mno na utawala wa kikoloni na kampuni ya migodi, na anayesoma sala hizi nzuri akumbuke pia hilo.

Na kweli ni nzuri. Kabla ya kila Jumapili Dom Lefebvre ameweka maelezo mafupi yanayounganisha somo, zaburi na Injili, kwa uwazi ambao vitabu vingi vya siku hizi havina. Masifu ya jioni yamo pia, pamoja na zaburi zake, jambo lililosahaulika kabisa katika parokia nyingi. Kasoro kubwa ya matumizi ni kupekuapekua: sehemu zisizobadilika za Misa ziko katikati ya kitabu, sala za siku ziko kwingine, na za watakatifu kwingine tena, hivyo bila tepe zote za kuwekea alama kurasa anayesali hupotea kabla ya Utukufu kuisha.

Aliyezoea Misa ya utaratibu wa Zaire, yaani namna ya Kikongo ya kuadhimisha Misa, ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988, atapata mengi ya kulinganisha. Katika kitabu hiki maungamo ya dhambi yanasemwa mwanzoni kabisa, chini ya ngazi za altare, kati ya padri na watumishi wake. Sisi tunaomba toba baada ya kusikia Neno na kukiri imani, ndipo tunapeana amani. Sisi tunawaita watakatifu na wahenga waadilifu mwanzoni, kwa sauti ya wote. Hapa majina ya watakatifu yamo ndani ya Kanuni, yakisemwa kimoyomoyo. Nilipoyasoma polepole nikakuta Sipriani, kisha mbele kidogo Felisita na Perpetua, wote watu wa Karthago. Waafrika walikuwamo katika sala hiyo tangu zamani, ila hakuna aliyewasikia wakitajwa.

Kuhusu ununuzi, muuzaji wangu alianza na faranga 40,000 akaniambia, "Papa, hiki ni kitabu cha wazee, hakipatikani tena," tukakubaliana 25,000. Kinapatikana, mwenye subira atakutana na nakala nyingine, hasa familia zinapouza vitabu vya marehemu. Kabla ya kulipa, fungua kwanza Kanuni ya Misa, kwa sababu kurasa hizo zilishikwa kila siku na ndizo hutangulia kung'oka, kisha angalia Juma Kuu ujue ni la zamani au la mwaka 1956, kwa kuwa wanaopenda historia watataka lile la kwanza na wanaohudhuria Misa ya Kilatini watataka la pili. Nusa pia: karatasi nyembamba ikishavuta unyevu haiponi, hata fundi awe hodari vipi. Nakala isiyo na Kanuni nisingeichukua hata kwa faranga 10,000, isipokuwa kama ndani yake kuna picha takatifu za ukumbusho wa komunyo ya kwanza zenye majina ya parokia na tarehe, ambazo kwa mtafiti wa historia ya mji huu zinaweza kuwa na thamani kuliko kitabu kizima.