Tatuu mpya Kisumu: plasta angavu au kuosha na kupaka?

Plasta angavu inayonata ngozini huzuia vumbi na msuguano wa nguo, nawe unaisahau kwa siku kadhaa. Lakini joto la Kisumu halina huruma: jasho likijaa chini yake au ukingo ukibanduka, itoe, uoshe. Mwenye mzio wa gundi aiache kabisa.

Kuosha kwa sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, kisha mafuta kidogo sana (wengine hupaka kana kwamba wanakaanga mbuta!), ni nafuu mfukoni ila kunadai nidhamu. Magamba usiyabandue.

Wa ofisini ningempa plasta. Mchuuzi wa soko la Kibuye, kuosha na shati pana la pamba. Kuogelea ziwani Dunga kungoje wiki 2 hadi 4. Usaha au homa? Daktari.