Uzoefu wangu: hipnotherapia baada ya kufiwa na mama

Mama alifariki Tanga, Jumanne alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyohiyo kama ilivyo kwetu. Mimi niko Reading, Uingereza, nimeshika simu. Mazishi niliyaona kwa WhatsApp, picha inakatikakatika, na walipofika kwenye kufukia mtandao ukaondoka kabisa. Miezi saba baadaye bado nilikuwa naamka saa tisa usiku nikilifikiria kaburi ambalo sikuliona likifukiwa.

Ndipo nikaenda kwa mama mmoja wa hipnotherapia, yaani tiba ya kutulizwa kwa sauti mpaka akili izame na ipokee maelekezo. Tiba hii kwa kawaida hospitali za serikali huku hazitoi, ni mfuko wako. Nililipa pauni 70 kwa kikao. Dada yangu aliposikia akaniuliza, "Ndo umeanza kwenda kwa waganga wa Kizungu?" Hata mimi nilikuwa na wasiwasi huohuo. Lakini hakuna saa ya mnyororo inayoning'inizwa usoni, wala hulazwi fofofo. Unakaa kwenye kiti, unafumba macho, unavuta pumzi, sauti inakuongoza. Kila kitu nilikisikia, hata gari la taka nje.

Kikao cha kwanza hakikunisaidia kitu. Yule mama alinihesabia kutoka kumi hadi moja kwa Kiingereza, nami nikawa natafsiri kichwani. Cha pili akaniambia nihesabu mwenyewe, kwa lugha yangu. Kumi, tisa, nane... nilipofika tatu mabega yalishashuka. Akaniambia niende makaburini kwa mawazo, nisimame pale nilipotamani kusimama. Nikachota udongo kwa mkono, nikatupia mara tatu. Nililia mpaka kamasi zikanitoka, mbele ya mama wa watu.

Wiki ile usingizi ukaanza kurudi. Ujumbe wa sauti wa mwisho wa mama, sekunde 14, niliokuwa siwezi hata kuugusa, nikausikiliza ndani ya basi. Anauliza kama nimekula, na kwa nini sipokei simu.

Anayetaka kujaribu ajue kwamba Uingereza sheria haimzuii yeyote kujiita mtaalamu wa hipnotherapia, kwa hiyo uliza kasomea wapi kabla hujatoa pesa. Kama umewahi kuugua akili kiasi cha kusikia sauti zisizokuwepo, anza kwa daktari wako. Mfuko ukiwa mwepesi, shirika la hisani la huku liitwalo Cruse huwasaidia wafiwa bila malipo.

Mtaalamu wangu nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameikosa kwa kuning'ang'ania ninunue vikao kumi kwa mpigo, eti hapo ndipo msiba unapoisha.