Santuri za kantri za zamani: ipi uibebe, ipi uiache kibandani

Ukitaka santuri za kantri za miaka ya 1950 na 1960, jua kwamba unanunua zaidi sauti za marehemu, na marehemu hawana wa kuwatetea. Hank Williams alifariki tarehe 1 Januari 1953 akiwa na miaka 29. Patsy Cline alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 5 Machi 1963, na Jim Reeves naye kwa ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964. Kanda zao zilibaki kabatini, na wenye makabati hawakutulia. Waliongeza fidla, wakaongeza waitikiaji, wakawaimbisha duweti na watu ambao hawakuwahi kusimama nao studio moja. Ndiyo maana mtu anarudi nyumbani na Hank Williams aliyemwagiwa sukari, anabaki kujiuliza watu walikuwa wanasifia nini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, geuza jalada usome mwaka. Kisha tafuta neno "electronically" karibu na neno "stereo". Likiwapo, ujue hiyo ni mono ya zamani, yaani sauti ya mkondo mmoja, iliyopasuliwa kwa mitambo iwe miwili ili ionekane ya kisasa, na mwimbaji atasikika kama anaimba ndani ya pipa. Mono halisi ni bora mara kumi. Usidanganywe na muuzaji anayekwambia mono ni kasoro.

Haya, orodha yangu, kuanzia ya kununua kwanza. Kwenye mabano ni kampuni iliyoitoa na mwaka.

1. Marty Robbins, Gunfighter Ballads and Trail Songs (Columbia, 1959)

Wapo watakaokasirika kwamba sikuanza na Jim Reeves. Nisikilizeni kwanza. Kantri ya wakati ule ilikuwa biashara ya santuri ndogo, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule. LP nyingi, zile santuri kubwa za nyimbo nyingi, zilikuwa kapu tu: nyimbo mbili zilizovuma, zilizobaki za kujazia. Hii haiko hivyo. Ilirekodiwa kwa siku moja, tarehe 7 Aprili 1959, na yote ni visa vya bastola, farasi na watu wanaokufa kabla ya kiitikio cha mwisho. "El Paso" ina zaidi ya dakika nne, wakati redio zilitaka wimbo wa dakika mbili na nusu, na bado ilifika namba moja mwanzoni mwa 1960. Tega sikio kwa gitaa la Grady Martin, linavyojipenyeza kila Marty anapovuta pumzi. Stirio yake ni ya kweli, mwenyewe alikuwa hai, na nakala zilizouzwa ni nyingi, kwa hiyo huna sababu ya kuchukua iliyochakaa.

2. Patsy Cline, Showcase (Decca, 1961)

Humu mna "Crazy", aliyoitunga Willie Nelson, na "I Fall to Pieces". Ukishapata hii, Patsy mkubwa unaye. Shida iko kwenye santuri zake za bei ya kutupa, zile zenye picha nzuri na majina ya nyimbo usiyoyajua hata moja. Hadi 1960 Patsy alikuwa amefungwa na mkataba wa kampuni ya 4 Star, iliyomlazimisha kuimba nyimbo zilizomilikiwa na kampuni hiyo tu. Nyimbo hizo zimechapishwa upya na kila mwenye mashine. Si mbaya zote, "Walkin' After Midnight" ya 1957 ilitoka humo humo, lakini nyingi utazisikiliza mara moja. Huioni "Crazy" kwenye orodha ya nyuma? Rudisha.

3. Jim Reeves, He'll Have to Go (RCA Victor, 1960)

Sasa tumefika nyumbani. Kenya hii, Jim Reeves ni kama mjomba: hakuna aliyemwalika, lakini Krismasi yumo, matangani yumo, Jumapili asubuhi kabla ya kanisa yumo. Na hilo ndilo linalomshusha hadi namba tatu, kwa sababu santuri zake hapa kwetu zimepigwa zikapigika.

Niliwahi kununua Twelve Songs of Christmas, ile ya 1963, kwenye kibanda kimoja Nakuru. Jalada lilikuwa safi, karibu jipya. Nilipofika nyumbani, sauti ilitoka kama mtu anakaanga vitunguu nyuma ya Jim. Nikaichukua hadi dirishani, nikaiinamisha kwenye mwanga. Mifereji ambayo ingepaswa kung'aa nyeusi ilikuwa imegeuka kijivu, hasa sehemu za sauti ya juu. Hiyo ni alama ya sindano butu na ya sarafu. Walio na umri wanajua: sindano ikiruka, mtu anaweka shilingi juu ya mkono wa gramafoni. Kuruka kunakoma, lakini santuri inalimwa kama shamba. Mkwaruzo mmoja mrefu unaoonekana kwa jicho haunitishi. Kijivu ndicho kinachonitisha, maana hakioshwi.

Kwa hiyo chukua zilizotoka akiwa hai: hiyo ya 1960, au We Thank Thee ya 1962 kama unataka za dini. Sauti yake ya chini, mdomo ukiwa umeubusu mkrofoni, na Chet Atkins akiwa prodyuza, haikuhitaji msaada wa mtu. Za baada ya 1964 usizikatae zote, maana "Distant Drums" iliongoza chati Uingereza mwaka 1966 na ni wimbo mzuri. Lakini ile duweti ya Jim na Patsy ya 1981, "Have You Ever Been Lonely", ni ya kuunganishwa kwenye meza ya studio. Hawakuirekodi pamoja. Marehemu wawili wanabembelezana, mimi siwezi.

4. Hank Williams, 40 Greatest Hits (Polydor, 1978)

Najua, ni mkusanyo, tena wa miaka 25 baada ya kifo. Ila mkusanyo huu ulimrudisha Hank alivyokuwa: mono, bila fidla za kubandikwa. Ni santuri mbili, na "Lovesick Blues" na "Cold, Cold Heart" zimo. LP zake za kampuni ya MGM za enzi zake waachie wenye pesa. Ile ya 1965 anayoimba na mwanawe ikimbie kabisa. Baba alipofariki mtoto alikuwa na miaka mitatu.

5. Ray Charles, Modern Sounds in Country and Western Music (ABC-Paramount, 1962)

Wapo wanaosema hii si kantri. Nyimbo ni za kantri, "I Can't Stop Loving You" ni ya Don Gibson, na mimi siingii kwenye ugomvi huo. Iliuzwa kwa wingi, bei yake ni nafuu.

6. Johnny Cash wa Sun

"I Walk the Line" ya 1956, naam. Lakini Sun, kampuni iliyoirekodi, ilipouzwa mwaka 1969, nyimbo hizo zilitolewa upya mara chungu nzima, kwa hiyo lile neno la nyuma ya jalada litafute kwa makini zaidi hapa.

Mwisho ni zile nzito za raundi 78 kwa dakika. Ni za sheleki, si plastiki. Ikianguka, umebaki na vigae. Zinataka sindano pana mara tatu hivi kuliko ya LP, na mashine yenye mwendo wake. Huna hivyo viwili, ziache, hata akikupa kwa mia. Lakini ndizo zilizoleta kantri kwetu: mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliporekodi Wakipsigis mwaka 1950, aliwakuta wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani waliyemsikia kwenye gramafoni. Mimi ninayo moja tu, Kitty Wells wa 1952, wimbo uliomfanya mwanamke wa kwanza kushika namba moja peke yake kwenye chati ya kantri ya Billboard. Ukiikuta isiyo na ufa, usiitie kwenye begi. Ipakate kwenye matatu hadi nyumbani.