The Incredibles: katuni ndiyo, ila mtoto wa miaka minne mtoe sebuleni

Wazazi wenzangu wa Mwanza, likizo hii watoto wako nyumbani na kila siku ni katuni katuni, sasa mi nimekaa na wangu tumeangalia The Incredibles mwanzo mwisho, dakika 115, na nasema kabisa usimuwekee mtoto halafu ukaenda kukaanga dagaa. Kijana aliyenijazia kwenye flashi aliniambia "hii ya watoto kabisa dada, waachie tu". Hapana. Ni muvi nzuri sana, mi nimeipenda kuliko hata wao, ila kwa mtoto wa miaka nane kwenda juu, na wewe uwe umekaa pale pale pembeni yake.

Ni ya Pixar, kampuni ya Marekani ya kutengeneza katuni, ilitoka 2004, na ndiyo ya kwanza kwao kupewa alama ya PG kule Marekani yaani mzazi aangalie kwanza, kwa ajili ya mapigano. Stelingi ni baba, ana nguvu za ajabu, mke wake mwili unavutika kama mpira, binti anapotea asionekane, kijana anakimbia kama upepo, na kuna mtoto mchanga. Serikali imewakataza kutumia nguvu zao kwa hiyo wanaishi kama watu wa kawaida, baba anafanya kazi ofisi ya bima na anaichukia. Matusi hakuna ya kukutisha, mambo ya chumbani hakuna, kubusiana ni kwa mke na mume tu.

Ila sasa dakika za mwanzo kabisa, hata hujakaa vizuri, kuna mtu anajirusha ghorofani kwa makusudi ili afe, stelingi anamdaka, halafu yule mtu anakuja kumshtaki mahakamani kwanini alimwokoa! Kimetengenezwa kichekeshe, lakini wangu wa darasa la tatu hakucheka, akauliza mama kwanini alitaka kufa? Nikapozi. Nikamwambia alikuwa na huzuni kubwa na hakupata wa kumwambia, na wewe ukiwa na kitu kinakuumiza unakuja kuniambia mimi au bibi. Akasema sawa, tukaendelea. Ningekuwa jikoni lile swali angebaki nalo peke yake.

Halafu kuna habari ya baba kudanganya kwamba ana safari ya kikazi, mama anakuta unywele mrefu kwenye nguo yake. Wadogo hawakuelewa kitu, ila binti yangu ana miaka 12 akaniuliza taratibu, "mama, ana mchepuko?" Hana, alikuwa anafanya kazi ya siri, ila mke analia kweli na mtoto mkubwa anaelewa kwanini. Kwa huyo wa 12 nimeona ni sawa tu, tuliongea baadaye tukiosha vyombo.

Kipande kizito kuliko vyote, na hapa naongea na sisi tunaokaa ziwani, ni cha ndege. Mama anaendesha ndege, watoto wawili wamejificha humo, wanarushiwa makombora na mama anaita kwenye redio kwamba kuna watoto ndani, hakuna anayejali. Anawakumbatia, ndege inalipuka, wanadondoka kwenye maji. Bibi yao alikuwa amekaa na sisi, kwao ni Ukerewe, 1996 alipoteza mdogo wake kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba, na 2018 MV Nyerere ilipozama pale Ukara walikuwemo watu aliowafahamu. Alinyanyuka kimya kimya akatoka nje. Sikumfikiria kabisa kabla ya kuiweka, na hilo limeniuma. Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye kidonda cha aina hiyo, mtoto au mtu mzima, mwambie mapema.

Lakini niseme ukweli, kile kinachofuata ndicho kilichofanya niipende. Watoto wanapiga kelele tunakufa tunakufa, mama anawakaripia kwa sauti ya mama kabisa, watulie, hakuna anayekufa hapa, halafu anajigeuza mtumbwi na kijana anapiga miguu kama injini mpaka nchi kavu. Wangu walishikana mikono. Baadaye pangoni anawaambia wanae kwamba hawa wabaya sio kama wa kwenye katuni, hawa wakipata nafasi watawaua hata kama ni watoto. Ni maneno makali, ila anawaambia ukweli bila kuwavunja moyo.

Na kweli watu wanakufa. Walinzi wanaomfukuza kijana wanagongana wanalipuka, adui mwenyewe anavutwa na joho lake kwenye injini ya ndege. Damu huioni.

Hilo joho lakini limenisaidia. Kuna fundi wa nguo mmoja, mama mfupi anaitwa Edna Mode, anakataa kabisa kushona majoho na anataja mashujaa waliokufa kwa sababu ya majoho yao. Sisi nyuma ya nyumba ni mawe matupu, mnaijua Mwanza, watoto wanafunga khanga shingoni wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Nimepiga kelele miaka miwili hawasikii, sasa wa darasa la tatu mwenyewe kamfungua mwenzake khanga, "Edna kakataa". Ila kijana kwenye muvi anakimbia juu ya maji, hapo nilisimamisha nikasema hicho hakuna mtu anaweza, ziwani haendi mtu bila mkubwa.

Wa miaka minne ndiye nilimkosea. Mwishoni adui anamuiba yule mtoto mchanga anaruka naye angani, na mtoto mwenyewe anawaka moto. Wangu alilia, usiku akaweweseka anamtafuta mdogo wake kitandani. Huyo namsubirisha miaka kadhaa.

Ya pili ya 2018 ina taa zinawaka na kuzima kwa kasi sana, mtoto mwenye kifafa asiiangalie kabisa. Na kama unataka iliyotafsiriwa, isikilize wewe kwanza, nimewahi kuleta katuni nyingine nyumbani kumbe mtafsiri kaongeza matusi yake. Mi hii niliiacha na Kiingereza chake nikawa nawatafsiria mwenyewe, imekuwa vizuri zaidi maana wanauliza hapo hapo.

Jumamosi wakubwa wanataka kuirudia. Bibi amesema atakaa nao, ila kipande cha ndege kikikaribia nimshtue, atatoka kwanza aangalie maharage, wakifika nchi kavu tumuite.