Darasa la kuchora la Jumamosi, Kisumu: linamfaa nani?

Darasa ninalolizungumzia hufanyika kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kukodi upande wa Milimani, mjini Kisumu. Halina bango barabarani, na wazazi huambizana tu kwenye lango la shule. Linapokea watoto wa kuanzia miaka 3 hadi 9, na ahadi yake ni moja: kumfundisha mtoto kuchora vitu vya kawaida anavyoviona nyumbani. Niliwaandikisha wanangu wawili kwa muhula mzima, binti wa miaka 7 na mdogo wake wa miaka 4. Maoni yangu ni kwamba binti amefaidika kuliko nilivyotarajia, ilhali ada ya mdogo wake ingetumika vizuri zaidi kununua krayoni na karatasi za kuchezea nyumbani.

Nianze na lililo zuri, kwa sababu ni zuri kweli. Mwalimu hachori ubaoni ili watoto wanakili. Huweka kitu chenyewe juu ya meza: sufuria, birika, mtungi wa maji wa plastiki, kandambili iliyokatika ukanda. Kabla penseli haijaguswa, watoto hukizunguka kitu hicho, hukishika na kukigeuza, kisha huulizwa maswali ambayo niliyaona mepesi mno hadi nilipojaribu kuyajibu mwenyewe. Ukiwa umeketi kitini, mdomo wa sufuria unauona kama duara kamili, au duara lililobanwa? Ukingo wake umejikunja kwenda nje au ndani? Mkono wa birika umeanzia chini ya kifuniko au katikati ya tumbo? Mimi hupika kwa sufuria kila siku, na swali la ukingo lilinilazimu nirudi jikoni kuangalia.

Baada ya maswali hufuata maumbo. Watoto huyachora hewani kwa kidole kwanza, halafu kwenye karatasi kwa mistari hafifu, na mwisho hukaza mistari ile tu inayohitajika. Somo lililonivutia zaidi lilikuwa la jiko la makaa, lile la bati lenye udongo ndani ambalo karibu kila nyumba hapa inalo. Mtoto akiambiwa alichore bila mwongozo, huishia kuchora boksi lenye miguu. Mwalimu aliwaonyesha kwamba jiko hilo ni kama bakuli mbili zilizogusanishwa vitako, moja ikitazama juu na nyingine chini, na kwamba kiuno chake chembamba ndicho kinacholitambulisha hata ukiwa mbali. Vilivyobakia ni vidogo: kimlango cha majivu, vile vyuma vitatu vya kuegemezea sufuria, na mkono wa kubebea. Binti yangu alirudi nyumbani akalichora jiko letu upya bila kuambiwa, na alipofika kwenye kimlango alitoka nje kuhakikisha kipo upande gani. Nimelipia masomo mengi ya watoto, na ni machache yaliyomfanya mmoja wao ainuke kwenda kuangalia kitu.

Siku ya kuchora kikombe nilijifunza jambo jingine, safari hii kupitia kwa mdogo. Kikombe cha bati kiliwekwa mbele yake, mkono ukiwa umegeuziwa nyuma usionekane kabisa. Yeye akachora mkono, tena mkubwa. Nilipoinama nimsahihishe, mwalimu alinizuia kwa adabu: "Mama, mwache kwanza. Anachora kikombe anachokijua." Hilo halikuwa neno la kunifariji tu. Mwaka 1927, mwanafalsafa Mfaransa Georges-Henri Luquet alieleza kwamba mtoto mdogo huchora anachokijua kuhusu kitu, wala si kile ambacho jicho lake linakiona kutoka pale alipo. Mwaka 1972, mwanasaikolojia Norman Freeman na mwenzake Janikoun walilichunguza hilo kwa kikombe hasa: mkono ulifichwa nyuma, ua lililochorwa kwenye kikombe likaelekezwa kwa mtoto, na watoto wa miaka 5 hadi 9 wakaombwa wachore wanachokiona. Wadogo waliongeza mkono usioonekana na kuliacha ua lililokuwa mbele ya macho yao, ilhali wakubwa waliuacha mkono na kuchora ua. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 anayechora mkono uliofichika, au makaa yanayoonekana kupitia ukuta wa jiko, hajakosea lolote, na mzazi anayemfutia anafuta kazi nzuri.

Nashangaa basi kwamba darasa lenye mwalimu anayeyajua haya linawaweka watoto wa miaka 3 na wa miaka 9 kwenye meza moja, mbele ya birika moja, kwa dakika 90. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka 3 hivi, na msalaba akikaribia miaka 4. Mraba huja anapokaribia miaka 5, na pembetatu baada ya hapo. Birika linadai tumbo la mviringo, shingo iliyonyooka na mdomo unaochongoka, yote yakiwa yameshikamana mahali panapostahili. Mwanangu alichora duara zuri, akaona amemaliza, kisha akakaa saa nzima akichokora makombo ya krayoni mezani. Kwa umri wake, dakika 20 na kitu kimoja cha mviringo, kama chungwa au sahani, zingetosha kabisa. Watoto wengine wa umri huo nao walikuwa chini ya meza kabla ya saa ya uji.

Kasoro iliyoniudhi zaidi, hata hivyo, ilijitokeza siku wazazi walipoalikwa kutazama kazi za watoto ukutani. Mchoro wa mtungi wa maji wenye jina la binti yangu ulikuwa na mistari miwili iliyonyooka mno, na chini yake, ukiisogeza karatasi kwenye mwanga, ulionekana mstari wake mwenyewe uliopinda na kufutwa. Nilipouliza, dada msaidizi alikiri bila kusita kwamba walikuwa "wamesaidia kidogo" ili wageni wafurahi. Michoro mingine kadhaa ilikuwa imesaidiwa vivyo hivyo. Naelewa shinikizo lenyewe, maana sisi wazazi tuliolipa tunataka kuona kitu kinachofanana na kitu. Lakini binti yangu aliutambua mstari usiokuwa wake kabla yangu, na Jumamosi iliyofuata akauliza kama atachora mwenyewe au atachorewa. Nililifikisha suala hili kwa mwalimu, naye akaahidi kwamba halitarudiwa. Sijaona dalili ya kurudiwa tangu hapo.

Kuhusu vifaa, wamechagua vizuri kwa sehemu. Krayoni ni nene, na zikivunjika hazitupwi. Hilo ni jambo la busara, kwani kipande kifupi humlazimu mtoto akishike kwa ncha za vidole badala ya kukikumbatia kwa kiganja kizima. Penseli ni za HB, nami ningependa ziwe 2B, ambazo ni laini zaidi na huacha mstari unaoonekana bila mtoto kukandamiza hadi karatasi itoboke. Karatasi zenyewe ni nyembamba, za kutolea nakala. Manila ingefaa, hata ikikatwa vipande vidogo. Vifutio haviruhusiwi mezani kwa watoto, uamuzi ninaouunga mkono, ingawa baada ya yale ya mtungi nilijiuliza msaidizi alikitoa wapi chake. Ada ya vifaa hulipwa kando na ada ya masomo, na hili husemwa tu baada ya kujiandikisha. Lingesemwa mapema. Kwa pesa hizo hizo, maduka ya vitabu ya katikati ya mji yangenipa krayoni na penseli za kutosha watoto wote wawili na bado nikabakiwa na nauli ya tuktuk.

Lipo pia jambo la karatasi za kupaka rangi. Mwalimu anapochelewa, msaidizi hugawa picha zilizotolewa nakala: tofaa, nyumba yenye dohani, mti wa msonobari. Mtoto wa Kisumu ana embe, ana nyumba ya mabati, ana mwarobaini mlangoni, na darasa lililojinadi kwa vitu vya kawaida halina sababu ya kumpa dohani. Isitoshe, kujaza rangi ndani ya mistari ya mtu mwingine ni zoezi la mkono tu, na halimfundishi mtoto kutazama.

Ziara ya Makumbusho ya Kisumu, kwa upande mwingine, ilistahili kila shilingi. Makumbusho hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana vyombo vya nyumbani vya jamii za magharibi mwa Kenya, pamoja na boma la Kijaluo lililojengwa kamili uwanjani. Watoto waliketi kwenye nyasi wakachora nyumba ya paa la nyasi ikiwa mbele yao, kisha wakaingia ndani na kuchora vyungu. Chungu ni somo jema kwa anayeanza, kwa sababu hakina pembe hata moja. Hata mwanangu alifika hadi shingo.

Wazazi wenye watoto katika gredi za chini wanajua kwamba tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, kuchora kumekuwa sehemu ya kazi za nyumbani, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa na mama saa tatu usiku. Kama mtoto wako ana miaka 6 au zaidi na ni wewe unayemchorea, darasa hili litakupunguzia mzigo, kwani atajua pa kuanzia akiambiwa achore ndoo au ufagio. Uliza ada ya vifaa kabla ya kulipa, na useme wazi tangu siku ya kwanza kwamba hutaki mchoro wa mwanao uguswe. Aliye chini ya miaka 5 ningemwacha nyumbani kwa sasa. Mwalimu ameniambia anafikiria kuwatenga wadogo katika kipindi chao kifupi kuanzia muhula ujao. Akifanya hivyo nitamrudisha wangu, na hadi wakati huo dada yake ataendelea kwenda peke yake.